Unakimbia mbio ndefu na unataka koleji ndogo Marekani? Hesabu kwanza wakimbiaji wa mwaka wa nne

Naandika hii manake nimechoka kujibu swali lile lile kwa simu kila kiangazi, mtoto wa fulani anakimbia vizuri, makocha wameanza kumwandikia, sasa tufanyeje. Mimi ni mama wa Eldoret niliyelea watoto wangu Massachusetts, binti yangu alisajiliwa kwa mbio na sasa yuko mwaka wa tatu kwenye koleji ya wanafunzi wasiofika elfu mbili, na kwa kuwa nilikosea mengi njiani, chukua makosa yangu bure.

Sisi tukisikia mtoto anaenda Marekani kukimbia, akilini inakuja ile picha ya Henry Rono pale chuo kikuu cha Washington State, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, au Suleiman Nyambui wa Tanzania aliyekuwa mkimbiaji wa chuo cha El Paso, Texas, miaka ile ile aliyochukua medali ya fedha ya mita 5000 Olimpiki ya Moscow 1980. Yaani chuo kikubwa, skolaship ya miguu, umelipiwa kila kitu. Koleji ndogo mambo yake ni tofauti kabisa na ukiingia na picha ile utaumia.

Hatua ya 1: Elewa ni nini unachagua, na pesa inatoka wapi

Hizi koleji wenyewe wanaziita liberal arts, maana yake unasoma masomo mapana kwanza, mtu wa bayolojia anasoma pia falsafa na muziki, madarasa ni madogo, hakuna wanafunzi wa shahada ya uzamivu wa kuchukua muda wa maprofesa. Williams, Amherst, Bowdoin, Middlebury, Bates kule kaskazini mashariki, Haverford na Swarthmore karibu na Philadelphia, Carleton na Macalester Minnesota, Grinnell katikati ya mahindi ya Iowa, Pomona kule California. Nyingi zina wanafunzi kati ya 1,400 na 2,500 hivi, shule zingine za sekondari huku zinazizidi.

Karibu zote ziko Divisheni III, yaani daraja la tatu, ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na sheria ya Divisheni III ni moja tu ya kukariri: hakuna skolaship ya michezo. Hakuna hata dola moja. Kocha wa Divisheni III akikuambia atakutafutia pesa kwa sababu ya muda wako wa mita 3200, ama hajui sheria ama anakudanganya, na vyote viwili ni vibaya. Kuna chache ndogo zilizo Divisheni I, kama Davidson, Colgate na Bucknell, hizo zina hesabu yao nyingine, siziongelei hapa.

Usikimbie bado lakini. Bei ya mwaka mzima kwenye hizi koleji maarufu imefika dola 90,000 na zaidi, mimi nilipoiona mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikaenda kupika, ila hiyo ni bei ya wenye nacho. Koleji tajiri zinaangalia kipato cha nyumba yenu halafu zinajaza pengo, na familia ya kipato cha kawaida inaweza kulipa kidogo kuliko chuo cha serikali cha jimbo lao. Williams tangu 2022 msaada wake wote ni ruzuku tupu, hakuna mkopo ndani yake wala kazi ya lazima. Amherst na Bowdoin hawaangalii uwezo wako wa kulipa wanapoamua kukuchukua, hata kama unatoka nje ya Marekani, na hiyo ni adimu sana manake koleji nyingi kwa mwanafunzi wa nje zinaangalia mfuko kwanza.

Kwa hiyo kabla hujamwandikia kocha yeyote, kila koleji ina kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake, kaa na mzazi mkiwa na karatasi za kodi, jaza namba za kweli. Dakika ishirini. Koleji ambayo kikokotoo kinasema mtalipa msichokuwa nacho, itoe kwenye orodha leo kabla mtoto hajaipenda.

Hatua ya 2: Muda wako dhidi ya mkimbiaji wao wa tano

Watoto wote wanakosea hapa, wanafungua matokeo ya timu wanaangalia nyota wa kwanza, ama wanakata tamaa ama wanaota. Mbio za nyika zinakimbiwa na saba kwa timu na wanaohesabiwa ni watano wa kwanza, kwa hiyo anayebeba timu mgongoni ni yule wa tano. Mtafute, nenda Athletic.net, tovuti ya matokeo ya mbio za shule, uone alikuwa anakimbia muda gani akiwa sekondari, ulinganishe na wako. Ukiwa karibu naye, kocha atakujibu. Ukiwa mbele yake atakujibu siku hiyo hiyo.

Na usidhani Divisheni III ni ya wavivu. Mwaka 1997 Karl Paranya wa Haverford alikuwa wa kwanza wa divisheni hii kushuka chini ya dakika 4 kwa maili, na Haverford hiyo hiyo ikachukua ubingwa wa taifa wa nyika wa wanaume 2010 (koleji isiyo na timu ya futiboli ya Kimarekani tangu 1972 lakini ina timu ya kriketi, mimi hilo lilinifurahisha sana). Pomona-Pitzer, koleji mbili zinazokimbia kama timu moja, walichukua 2019, 2021 na 2023. Wanawake wa Carleton walichukua 2023. Kuna timu za divisheni hii ambazo mtoto wa dakika 9:40 kwa 3200 hapati nafasi kwenye saba bora, na zingine atakuwa nyota wiki ya kwanza. Hakuna ubaya popote, jua tu unaingia wapi.

Umbali unabadilika pia. Sekondari huku unazoea kilomita 5, koleji wanaume wa Divisheni III wanakimbia 8 na wanawake 6. Kama wewe ni mtu wa mita 800 unayevumilia nyika kwa shida, mwambie kocha ukweli mapema.

Kwa mnaosoma hii mkiwa nyumbani Afrika Mashariki: andika muda wako pamoja na jina la mashindano, tarehe, umetumia saa ya mkono au ya umeme, na urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Kocha wa Ohio hajui kwamba Iten iko mita 2,400 juu na kwamba dakika 4:05 za mita 1500 pale si sawa na 4:05 za ufukweni. Mwambie.

Hatua ya 3: Andika imeli mwenyewe

Mwenyewe! Ile ya kwanza ya binti yangu niliandika mimi, ukurasa mzima, nikaeleza alivyo mtiifu, anaimba kwaya, hajawahi kunisumbua. Kocha akajibu mistari miwili akimwandikia yeye si mimi, kwa adabu kabisa, kwamba angependa kusikia kutoka kwake. Nilinyamaza wiki nzima.

Imeli nzuri ni fupi, kocha anaisoma kwa simu akiwa pembeni ya uwanja. Jina, shule, mwaka wa kumaliza, muda wako bora kwa kila umbali na ulipoukimbia, wastani wa alama na masomo magumu uliyochukua, unafikiria kusoma nini, na sentensi moja ya kweli kwa nini koleji ile, sentensi ambayo huwezi kuibandika kwenye imeli ya koleji nyingine. Ambatisha matokeo ya darasani. Alama ndio zinaamua zaidi ya miguu, manake kocha hawezi kumsukuma mtu ambaye ofisi ya udahili haitamchukua, hata uwe unapaa. Mtihani wa SAT, ule wa kuombea koleji, koleji nyingi hazilazimishi, Bowdoin wameacha kulazimisha tangu 1969, lakini ukiwa na alama nzuri tuma, inamrahisishia kocha.

Tuma mwaka wako wa tatu wa sekondari kuanzia Januari. Koleji nane hadi kumi na mbili, si arobaini. Asiyejibu, mkumbushe baada ya wiki tatu, asipojibu tena achana naye, usibembeleze.

Hatua ya 4: Hesabu wa mwaka wa nne

Haya, ukisoma hatua moja tu soma hii. Hii haikutoka kwa mtaalamu yeyote, ilitoka kwa mume wangu ambaye ni mhasibu na hajui chochote kuhusu mbio.

Alikuwa amekaa mezani usiku, binti yetu anamsomea maneno matamu kutoka tovuti ya timu, familia, upendo, sijui nini, mzee akauliza, walioingia miaka mitatu nyuma wamebaki wangapi? Kimya. Akachukua nyuma ya bahasha ya bili ya umeme akaanza kuandika majina.

Inafanyika hivi. Tovuti ya timu huwa inahifadhi vikosi vya miaka iliyopita. Fungua kikosi cha vuli ya miaka mitatu nyuma, andika majina ya wote wa mwaka wa kwanza. Halafu fungua kikosi cha sasa uone wangapi wapo kama wa mwaka wa nne. Kisha nenda TFRRS, ndio tovuti yenye matokeo ya vyuo vyote, kila jina lina mwaka wake pembeni, FR-1 (wa kwanza) hadi SR-4 (wa nne), uangalie waliobaki wanakimbia vipi sasa, wameimarika au muda wao ni ule ule wa sekondari au umerudi nyuma. Rudia kwa miaka miwili mitatu usije ukahukumu kwa mwaka mmoja mbaya. Usimkate wa mwaka wa tatu asiyeonekana, wengi huenda kusoma nchi nyingine muhula mmoja, angalia wa nne. Na 2020 iruke, mashindano mengi yalifutwa.

Kwenye bahasha yetu koleji moja, ile aliyokuwa anaipenda kuliko zote, majengo kama sinema, walikuwa wameingia wasichana tisa wakabaki wawili. Nyingine waliingia sita wamebaki watano, na wa tano kati yao alikuja akiwa mtu wa kawaida kabisa sasa yuko kwenye saba bora.

Namba peke yake haitoshi lakini, watu huacha mbio kwa sababu nzuri pia, kwa hiyo muulize kocha moja kwa moja wale walioondoka wako wapi. Binti yangu aliuliza wote wawili kwa simu, mimi niko jikoni nasikiliza nikijifanya nakatakata sukuma wiki. Kocha wa wale tisa alisema hawakuwa na moyo wa ushindani. Basi, hiyo tu, saba wote hawakuwa na moyo. Yule mwingine alicheka akasema mmoja ndiye aliyeondoka, aliingia kwenye maigizo, amepewa nafasi kubwa kwenye igizo la mwezi wa pili na timu nzima ilienda kumwona. Hapo nikaacha kukata sukuma.

Hatua ya 5: Nenda ukalale huko

Ukiweza kufika, omba kulala usiku mmoja bwenini na mkimbiaji wa timu. Ziara ya mchana na mzazi unaonyeshwa maktaba, usiku ndio unaona watu. Jua wanakula nini, wanaongea nini wakiwa hawajakumbuka kwamba wewe ni mgeni, wanamsemaje kocha akiwa hayupo.

Maswali ya kuuliza wakimbiaji, si kocha:

Mazoezi yanaanza saa ngapi na wanaosoma sayansi wanafanyaje. Hili watu hulisahau. Maabara za kemia na bayolojia huwa mchana, saa saba hadi saa kumi na wakati mwingine zaidi, na mazoezi mengi yanaanza saa kumi na kitu. Timu nzuri watakuambia mwenye maabara anakimbia asubuhi na mwenzake au kocha anamsubiri. Timu mbaya watakuambia kuna mtu alibadilisha somo.

Wa mwaka wa kwanza anakimbia kilomita ngapi kwa wiki. Kama ulikuwa unafanya 60 sekondari na wao wote wanafanya 120 kuanzia Septemba bila kujali nani katoka wapi, mfupa wa muundi utakujibu kabla ya Oktoba kuisha.

Mtu akiumia anakuwa wapi. Angalia kwa macho. Siku binti yangu alipoenda kulikuwa na msichana mwenye kiatu kile cha plastiki cha mguu uliovunjika, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pembeni ya uwanja ameshika saa anawasomea wenzake muda wa kila mzunguko, na wakimaliza walimbebea mabegi yake. Hakuna brosha itakuonyesha hiyo.

Na kwa wasichana, naomba wazazi msione haya, uliza habari ya chakula na uzito. Kocha anapima watu uzito? Anasemasema kuhusu miili? Timu ina mtaalamu wa lishe, kuna mtu anafuatilia damu na madini ya chuma? Msichana anayekosa hedhi miezi kadhaa kwa sababu ya kukimbia sana na kula kidogo, mifupa yake inadhoofika na madhara yake hayaishii koleji. Kukiwa na kocha anayesifia wembamba, mimi ningeondoka hata kama ana vikombe kabati zima.

Traki ya ndani pia, kama unaenda Maine au Minnesota, Desemba hadi Machi hukimbii spidi nje. Ya ndani ya kawaida ni mzunguko wa mita 200. Hakikisha wanayo yao au wanasafiri mwendo gani kuifuata.

Hatua ya 6: Usomaji wa awali, na kusikia maneno ya kocha sawasawa

Kuanzia Julai kabla ya mwaka wako wa mwisho, kocha anaweza kupeleka matokeo yako ofisi ya udahili wakayasoma mapema wakamwambia inaonekanaje. Jibu zuri hapo si barua ya kukubaliwa, ni dalili tu. Na kocha ana idadi ndogo ya watu anaoweza kuwapigania, wakati mwingine wawili watatu kwa mwaka kwa timu nzima.

Kwa hiyo sikiliza maneno. Kuna "tunakufurahia sana", kuna "ningependa uje", na kuna "utakuwa na msaada wangu kamili kwa udahili ukiomba mapema". Ya tatu ndio ina uzito, mbili za kwanza anaandikiwa kila mtu. Kocha mmoja alituambia kiangazi kizima tusijali, tukaacha kuwajibu wengine, Oktoba akanyamaza kabisa, baadaye tukaelewa alikuwa amepata watu wake. Uliza wazi: je, mimi ni mmoja wa unaowaunga mkono, na wangapi uliowaunga mkono mwaka jana walikataliwa? Kocha wa kweli hatachukia, anaulizwa hilo kila siku.

Msaada wake mara nyingi una sharti, uombe kwa ile njia ya mapema inayokufunga, wanaiita ED (Early Decision), tarehe zake ni mwanzoni au katikati ya Novemba, na ukikubaliwa umekubali, unaondoa maombi mengine yote. Sasa hapo ndipo pesa inarudi. Kabla hujasaini ED omba ofisi ya msaada wa ada wakupe makadirio ya maandishi wakiwa na karatasi zenu za kweli. Koleji nyingi zitafanya hivyo kwa mtu ambaye kocha anamtaka. Ukikubaliwa na msaada ukaja haufiki, unaruhusiwa kujitoa kwa sababu ya pesa, lakini usifike huko, ni machozi matupu Desemba.

Kwa wanaotoka nyumbani moja kwa moja

Kwa Kenya kuna KenSAP, mpango wa kuwasaidia wanafunzi kuingia vyuo vya Marekani, ilianzishwa 2004 na John Manners, Mmarekani aliyeandika sana habari za riadha yetu, pamoja na Mike Boit, yule wa medali ya shaba ya mita 800 Olimpiki ya Munich 1972. Wanachukua waliofaulu sana KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, wakawaandaa kwa mitihani na maombi ya vyuo vya Marekani. Peter Kosgei alipitia huko akaenda Hamilton College, koleji ndogo ya jimbo la New York, akachukua ubingwa wa taifa wa Divisheni III zaidi ya mara moja. Lakini kilichomfungulia mlango wa kwanza ni alama.

Mawili ya kuangalia. Pesa za zawadi kwenye mbio za barabarani zinaweza kukuharibia sifa za kukimbia koleji, kwa hiyo kabla hujapokea bahasha pale mwisho wa mbio, uliza. Na ukikaa nyumbani miaka miwili mitatu baada ya sekondari ukiendelea kushindana, inaweza kukukata misimu ya kukimbia koleji, mwambie kocha mapema miaka yako yote bila kuficha kitu. Visa ya mwanafunzi inaruhusu kazi ya ndani ya kampasi hadi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, ni pesa ya sabuni na simu, usiipigie hesabu ya ada.

Ukishaamua

Waandikie makocha wengine wote siku hiyo hiyo, mistari miwili inatosha, asante na nimechagua kwingine, manake wewe ukikaa kimya kuna mtoto mwingine anayesubiri nafasi yako. Binti yangu aliwaandikia saba. Yule wa wale tisa hakujibu, wengine wote walimtakia heri, na mmoja akamwambia watakutana Oktoba kwenye matope.